Ngojangoja na Wenzake: Mhadhara Kuhusu Gemu za Mbio za Farasi

Asanteni, kaeni, kaeni tu jamani. Waliowahi kunisikia wanajua naanzia wapi, naanzia kwenye kipimo cha pumzi, ule mstari wa skrini unaokuonyesha nguvu aliyobakiwa nayo farasi, na leo sibadilishi, kwa sababu gemu za farasi bado zinatoka na watu bado wanazicheza kwa kubonyeza mjeledi toka geti linafunguka mpaka mwisho, alafu farasi anamaliza wa kumi na mbili wanasema gemu mbovu. Gemu si mbovu bana. Umemmaliza farasi wa watu kabla hata ya kona ya kwanza, ulitaka afike na nini?

Mbio zenyewe mnazijua, sina haja ya kueleza. Nina jambo moja tu na nitalirudia mpaka mnichoke: raha ya gemu hizi iko kwenye kungoja. Kungoja ndani ya mbio, dakika mbili unusu hivi, umeshika hatamu na farasi anataka kutimka we unamkatalia, na kungoja nje ya mbio, mama abebe mimba miezi kumi na moja, kitoto kizaliwe, kikue, kifundishwe, ndo siku moja kiingie getini. Gemu ya magari inakuambia kanyaga. Gemu ya bunduki inakuambia wahi. Gemu ya farasi inakuambia tulia, na ukishatulia inakuambia tulia tena.

Farasi wa kwanza niliyemzalisha mwenyewe kwenye gemu ya joki, yaani ile unayokuwa mpandaji mwenyewe, nilimpa jina Ngojangoja. Watu wakacheka, kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Sawa, ila sikumpa jina kwa utani, nilimpa kwa tabia. Alikuwa farasi wa nyuma. Kwenye gemu hizi farasi wana mitindo minne na imetoka kwa Wajapani wenyewe wanavyosema viwanjani: kuna anayetoroka, yaani anachomoka getini anawaacha wenzake, kuna anayetangulia na kundi la mbele, kuna anayekaa katikati ya kundi alafu anachoma mwishoni kama kisu, na kuna wa mkia kabisa anayewafukuzia wote kwenye njia ya mwisho. Ngojangoja alikuwa huyo wa mkia. Ukimlazimisha aende mbele anakasirika, anarusha kichwa, kipimo cha pumzi kinashuka kama maji ya ndoo iliyotoboka.

Sasa siku iyo tuko uwanja wa Tokyo, mita 2,400, farasi kumi na nane. Rafiki yangu amekaa pembeni kwenye mkeka anakula karanga. Geti linafunguka, Ngojangoja anatoka mvivu kama kawaida yake, wa kumi na saba. Mi nimeivuta ile fimbo ya kontrola nyuma kidogo, kidogo tu, kwa sababu ukiivuta sana anagoma na ukiiachia anatimka. Mita elfu moja zimepita, bado wa kumi na sita. Rafiki yangu kaacha karanga. Anasema piga. Nikanyamaza. Kona ya tatu, piga bwana! Kona ya nne tunaingia njia ya mwisho, wa kumi na nne, na sahivi yule amesimama, mkono mmoja kichwani, anapiga kelele PIGA PIGA PIGA na mi kidole kimeganda juu ya kitufe, jasho hadi kontrola inateleza, kwa sababu najua njia ya mwisho ya Tokyo ina mita 525.9, na katikati yake kuna kilima, na ukimpiga farasi wa nyuma kabla hajamaliza kilima umempoteza. Nikamvuta nje, upande wenye nafasi. Nikahesabu. Zimebaki mita 300 hivi ndo nikamwachia, mjeledi mmoja, hatamu mbele.

Mlioshika gemu hizi mnajua hicho kitu. Skrini nzima inabadilika. Wale wa mbele walioonekana wana kasi unakuta wamesimama, ni kama wao wanarudi nyuma na wewe uko palepale, wa kumi, wa saba, wa nne, rafiki yangu sauti imemkauka. Alishinda kwa tofauti ya kichwa tu.

Mwezi uliofuata kwenye gemu nikampeleka Nakayama, uwanja mwingine wa Japani, farasi yuleyule, afya ileile, joki ni mimi yuleyule. Akawa wa tano. Kwa nini? Nakayama njia ya mwisho ni mita 310 tu. Alikuwa anakuja, anakuja kweli, alafu uwanja ukaisha. Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na ukingo wa Nakayama uko karibu. Kwaiyo nikalazimika kujifunza upya, kwamba pale lazima nianze kumsogeza kabla ya kona ya nne, nimpe polepole. Nimejifunza tofauti ya viwanja viwili vya Japani nikiwa nimekaa kwenye mkeka, na sijawahi kukanyaga hata kimoja. Ndo maana nakasirika mtu akiniambia hizi ni gemu za kupoteza muda.

Mtu atasema, mzee, hicho kipimo cha pumzi si ni kitu cha kutungwa tu na waprogramu ili gemu iwe ngumu? Hapana, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Farasi akienda shoti, pumzi yake imefungwa na hatua zake. Hatua moja, pumzi moja. Miguu ya mbele ikitua anatoa hewa, akinyanyuka anavuta. Hawezi kuhema zaidi ya anavyopiga hatua, wewe ukikimbia unaweza kuhema utakavyo lakini yeye hawezi. Kwaiyo ile akiba ipo ndani ya mwili wake, ina mwisho, na joki kazi yake kubwa ni kuitunza, na yule aliyeweka mstari mdogo wa rangi kwenye kona ya skrini ametuonyesha kitu ambacho joki wa kweli anakihisi kwa magoti.

Na chukueni Secretariat, farasi wa kweli wa Marekani, kwenye mbio kubwa ya kwao, Kentucky Derby ya 1973. Alitoka getini akiwa nyuma ya wote. Maili moja na robo, wakapima kila robo maili: sekunde 25.2, alafu 24, alafu 23.8, alafu 23.4, alafu 23. Umeona? Kila robo ni ya haraka kuliko iliyopita, mpaka mwisho anaongeza tu. Jumla dakika 1 na sekunde 59.4 na rekodi hiyo ya Derby bado imesimama. Namba hizo tano mi nimezikariri kama watu wanavyokariri mashairi. Ukitaka kujua kama gemu ya farasi imetengenezwa na mtu anayeelewa, iulize swali moja tu: je, ndani ya gemu hii inawezekana kukimbia hivyo? Kama ukitoka wa mwisho basi ndo umeshapoteza, weka chini, tafuta nyingine.

Nimeambiwa nizungumzie historia, haya tuipite. Kabla ya skrini watu walikuwa na Escalado, Uingereza, 1929, kitambaa kirefu mezani na vifarasi vya chuma, unazungusha mkono wa mashine kitambaa kinatetemeka farasi wanasogea. Bahati tupu. Atari wakaja na Steeplechase 1975, mashine ya kusimama, kazi yako ni kubonyeza farasi aruke kiunzi kwa wakati. Mattel wakaweka mbio za farasi kwenye Intellivision, mashine yao ya nyumbani, 1980, ya kubeti. Namco 1987 wakatoa Family Jockey kwenye Famicom, mashine ya nyumbani ya Nintendo, hapo angalau umepanda, unaongoza. Zote hizo nazipenda kama mtu anavyopenda picha za zamani za ukoo wake, ila tuseme ukweli, farasi alikuwa bado ni kidude kinachosogea kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Hana mama. Hana mwaka aliozaliwa. Ukizima mashine hayupo.

Mambo yamebadilika 1991, na naomba vijana mlioanzia kwenye simu mlishike hili. Derby Stallion, Japani, Famicom, mtu aliyeitengeneza anaitwa Hiroyuki Sonobe, kampuni ni ASCII. Unapewa shamba dogo, pesa kidogo, jike la kuanzia. Unatafuta dume la kumpandisha, unalipa ada, unangoja. Kitoto kinazaliwa, unakipa jina, unakipeleka kwa mkufunzi, unapanga mazoezi, unaangalia uzito, unaangalia mguu usije ukavunjika. Alafu siku ya mbio inafika.

Siku ya mbio unafanya nini? Hufanyi kitu. Unachagua joki, unampa maagizo, basi, mikono mapajani unatazama. Mbio zikianza hakuna kitufe. Mtu mwenye akili ya kawaida ya gemu angesema huyu jamaa kaharibu, sehemu tamu kuliko zote ndo kamnyang'anya mchezaji kontrola! Lakini kaeni mfikirie. Umeshawahi kumsindikiza mtoto kwenye mtihani? Umemlea, umemlisha, umemsomesha, anaingia ndani mlango unafungwa na wewe umebaki nje kwenye benchi. Huwezi kumwandikia jibu hata moja. Na hakuna muda wa maisha yako ambao moyo unadunda kama huo. Sonobe alikielewa hicho kitu, kwamba ukimpa mzazi kontrola atakuwa joki, ukimnyang'anya atakuwa mzazi. Ndo maana gemu yenye picha ndogo hivo, farasi wa nukta nukta, iliwakamata watu wazima wenye kazi zao, na mfululizo wake ukaendelea miaka na miaka.

Na damu. Lazima niseme kuhusu damu, hata kama muda unakwenda, naona kaka pale ameanza kuangalia saa. Farasi wote wa mbio wa aina ya Thoroughbred, wote kabisa duniani, kwa upande wa baba wanarudi kwa madume watatu: Darley Arabian, Godolphin Arabian na Byerley Turk. Kitabu cha kuandika koo zao kilianza Uingereza 1791. Mpaka leo hawaruhusu mbegu ya chupa, dume lazima ampande jike mwenyewe, na jike anazaa kitoto kimoja kwa mwaka. Kwaiyo kila kitoto ni uamuzi, huwezi kuzalisha mia ukachagua mmoja. Kosa lako la leo utaliona miaka mitatu baadaye likiwa la mwisho kwenye matope.

Ndani ya Derby Stallion watu wakaanza kujifunza hesabu ambazo wafugaji wa kweli wanazijua. Babu mmoja akitokea kizazi cha tatu upande mmoja wa ukoo na kizazi cha nne upande wa pili, kitoto kina asilimia 12.5 ya damu yake jumlisha 6.25, inakuwa 18.75. Wajapani wana jina lake, wanakiita kiasi cha damu cha muujiza. Kuna watu walikuwa hawajui farasi anakula nini, wakawa wanakaa usiku na daftari wanachora ukoo wa vizazi vitano! Mimi daftari langu bado ninalo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, tunasema, sasa gemu ikanifundisha upande mwingine wa maneno hayo, kwa sababu Ngojangoja alipostaafu nikampandisha kwa majike mazuri, watoto sita wa kwanza hakuna hata mmoja aliyeshinda mbio ya maana. Wa saba, jike, mama yake ni farasi niliyemnunua kwa huruma tu kwa sababu hakuna aliyemtaka, huyo ndo alirithi. Anatoka getini mvivu vilevile! Wa kumi na saba vilevile! Nilipoona vile anaachwa nyuma mbio yake ya kwanza nilisimama peke yangu chumbani nikapiga makofi, mbio hata haijafika nusu.

Alafu Sega wakaja na Derby Owners Club 1999. Hii ni mashine ya ukumbini, viti vimepangwa, mbele skrini kubwa, na kila mtu ana kadi yake yenye ukanda wa sumaku. Farasi wako anaishi ndani ya kadi. Unaichomeka, unamlisha, unamfundisha, mnakimbizana na watu mliokaa nao hapohapo, unasikia mtu wa kiti cha tatu anaguna umempita, mkimaliza kadi inatoka unaiweka mfukoni unarudi nayo nyumbani. Yaani farasi anatembea na wewe! Akizeeka kadi haitupwi, inakuwa kadi ya mzazi, na mtu mwingine akija na yake mnazalisha. Nimeona mtu mzima ameweka kadi ya farasi aliyestaafu kwenye pochi, nyuma ya picha ya mtoto wake. Mi sikumcheka. Nilimwelewa kabisa.

Sasa najua lile swali linakuja, linakuja kila ninapozungumza, na saa ingine linakuja kwa ukali: si kamari tu hizi? Si mnafundisha vijana kubeti?

Nalijibu kwa urefu kwa sababu linaniuma. Mcheza kamari anauliza kitu kimoja, nani atashinda saa hii. Hajali jina, hajali mama yake nani, kesho farasi akivunjika mguu yeye yuko kwa mwingine. Angalia mashine kama Sigma Derby, ya miaka ya 1980, ilikaa sana kwenye makasino ya Las Vegas: vifarasi vidogo vya mashine vinazunguka ndani ya kioo, watu wameizunguka wanatumbukiza sarafu. Wana furaha, wanapiga kelele pamoja, sikatai. Lakini farasi pale ni namba. Zile mbio za kompyuta zinazoonyeshwa kwenye maduka ya kubeti, moja inaisha nyingine inaanza, ni hivohivo, namba zinachaguliwa na mashine, picha ya farasi ni pambo tu. Ukiondoa farasi ukaweka konokono hakuna kitakachobadilika. Hicho ndo kipimo changu, kichukueni: ondoa farasi weka konokono, je gemu imeharibika? Kama haijaharibika, ile si gemu ya farasi, ni kamari, na mi siitetei hata kidogo. Derby Stallion ukiweka konokono inakufa saa hiyohiyo, kwa sababu ukoo wote, miguu yote, pumzi yote, ni ya farasi.

Na kuna mfano wa katikati ambao unanipa kazi, siwezi kuuficha. 2020, Grand National, ile mbio kubwa ya kuruka viunzi ya Aintree, Uingereza, ilifutwa kwa sababu ya Korona. Aprili 4 televisheni ya ITV Uingereza ikaonyesha mbio ya kompyuta badala yake, farasi arobaini waliotarajiwa kukimbia kweli, kompyuta imelishwa rekodi zao, akashinda Potters Corner. Karibu watu milioni 5 walikaa kuangalia! Hakuna aliyeshika kontrola. Watu walibeti, dau la juu pauni 10, na faida, zaidi ya pauni milioni 2, zikaenda kwenye michango ya huduma ya afya. Sasa hiyo ni kamari au ni gemu ya farasi? Mi nasema walikaa kwa sababu waliwajua wale farasi. Walikuwa wamewafuatilia msimu mzima, wakanyimwa mwisho wa hadithi, kompyuta ikawapa mwisho. Wangewekewa farasi arobaini wa kubuni sidhani kama wangekaa.

Mwingine atanishika hapa: mzee, umesema kungoja kungoja, mbona kuna farasi wasiongoja na ndo watu wanawapenda zaidi? Kweli. Nashukuru anayeuliza hivo, kwa sababu nilitaka kumtaja Silence Suzuka na nilikuwa natafuta pa kumweka.

Silence Suzuka, farasi wa kweli wa Japani, alikuwa wa kutoroka. 1998 alishinda mbio sita mfululizo, anachomoka getini anaenda peke yake mpaka mwisho, na joki Yutaka Take aliacha kumzuia. Novemba 1, 1998, Tokyo, Tenno Sho ya vuli, moja ya mbio kubwa za Japani, mita 2,000. Akapita mita elfu moja kwa sekunde 57.4, kundi liko mbali nyuma, uwanja mzima unapiga kelele. Kuna mti mkubwa kwenye kona ya tatu pale, unaziba kidogo macho ya watazamaji. Akapita nyuma ya mti, na alipotokea upande wa pili mguu wa mbele wa kushoto umevunjika. Hawakuweza kumwokoa.

Sasa kuna gemu ya Uma Musume, mnaijua, ya Cygames, ya simu, ilitoka Japani Februari 2021, farasi wa kweli wa zamani wamegeuzwa wasichana wenye masikio ya farasi. Wazee wenzangu wengi waliikasirikia bila kuifungua. Mi niliifungua. Ndani yake Silence Suzuka yupo, na unapomfundisha unajua siku iyo inakuja, Tenno Sho ya vuli, na unaingiza mbio ukiwa umebana meno, na mbio zenyewe kama kwenye Derby Stallion huna kitufe, unatazama tu. Anatoka mbele. Anafika kona ya tatu. Na anaendelea kukimbia. Watu wazima wanalia, jamani, sio watoto, watu waliokuwa uwanjani ile 1998. Wamengoja zaidi ya miaka ishirini amalize ile kona. Kwaiyo usiniambie yule farasi hakuwa na kungoja, kungoja tumefanya sisi.

Na haiishii kwenye skrini. Nice Nature, farasi aliyekuwa wa tatu kwenye Arima Kinen, mbio nyingine kubwa ya Japani, miaka mitatu mfululizo, 1991, 1992, 1993, wa tatu, wa tatu, wa tatu, alipotimiza miaka 33 mwaka 2021, miezi michache tu baada ya gemu kutoka, mchango wa siku yake ya kuzaliwa wa kusaidia farasi waliostaafu ulipita yen milioni 35. Aliishi mpaka 2023, akafa na miaka 35. Na Haru Urara, jike wa uwanja wa Kochi, mbio 113 hakushinda hata moja, hata walipompandisha Yutaka Take mwenyewe Machi 2004 alikuwa wa kumi kati ya kumi na mmoja. Gemu ilipotoka kwa Kiingereza Juni 2025, watu wa nchi za mbali ambao walikuwa hawajazaliwa enzi zake wakaanza kumchangia majani ya kula, akiwa bikizee wa miaka 29. Alikufa Septemba ya mwaka huohuo. Ndani ya gemu lakini unaweza kumfanya ashinde. Ni kazi ngumu, inataka uvumilivu kweli, na mi nimeifanya.

Ila niseme na hili kwa sababu nisiposema nitakuwa nimewadanganya. Uma Musume pia inauza bahati. Unalipa pesa kuchomoa wahusika na kadi zao, hujui utapata nini, na kuna watu wamemwaga pesa nyingi humo. Hapo ule uzuri wote unaingia doa. Sonobe alikupa jike moja la bei rahisi akakuambia anza. Hawa wanakuambia lipa uchomoe tena. Kungoja kumegeuzwa bidhaa, hutaki kungoja lipa, na mtu ukimuuzia njia ya kukwepa kungoja umemuuzia njia ya kuikosa gemu yenyewe. Wale wa farasi wa kidijitali wa Zed Run ndo walifika mbali zaidi, farasi anauzwa kama hisa, mtu ananunua leo ili auze kesho kwa bei juu, nani pale alikuwa anamwangalia farasi akikimbia? Weka konokono, hakuna atakayegundua.

Naona naonyeshwa vidole viwili, dakika mbili. Haya. Nilitaka kusema juu ya Winning Post ya Koei, toka 1993, ambayo unaongoza ukoo kwa miongo kadhaa, na tofauti yake na Derby Stallion, hiyo inataka jioni nzima. Nilitaka kusema G1 Jockey kwenye Wii, unashika zile kontrola mbili kama hatamu, mikono ikiuma ndo unaelewa joki anafanya kazi gani. Nilitaka pia kusema kuhusu miguu, kwamba mpaka 1878 Muybridge alipopiga picha za farasi akienda shoti kule Palo Alto watu walikuwa hawana uhakika kama miguu yote minne inaachia ardhi, wachoraji walikuwa wanaichora imenyooka mbele na nyuma kama mbwa anaruka mfereji, kumbe inaachia ikiwa imekunjwa chini ya tumbo. Nina gemu mbili za miaka ya karibuni nyumbani bado zinakosea miguu! Picha inang'aa, manyoya yanang'aa, jasho linaonekana, kwato zinatua kwa mpangilio usiokuwepo duniani. Hiyo nitairudia siku nyingine nikiwa na picha.

Nyuma pale, karibu na mlango, nimeweka mashine mbili na kontrola nne, anayetaka kujaribu ajaribu. Kwenye mashine ya kushoto yupo binti yake Ngojangoja, uwanja ni Tokyo, mita 2,400. Atatoka getini mvivu, usimguse. Ukifika kona ya nne uko wa kumi na tano mwenzio pembeni atapiga kelele, usimsikilize, mtoe nje apate nafasi, acha amalize kilima kwanza. Na dada yangu uliyeuliza mlangoni kama unahitaji kujua farasi ndo ucheze, hapana, njoo ukae kwanza wewe, hawa wengine nawajua, watapiga mjeledi getini.